Aliyebaki Mchangani
Sehemu ya Kumi na Moja

“Mama, ni mimi Ambilikile. Nani kafa huko nyumbani?”

Maneno hayo ndiyo yaliyomkuta Tusajigwe kaburini Ijumaa iliyopita, msomaji. Amesimama ukingoni mwa shimo, simu ya mwalimu Mercy sikioni, na yule anayezikwa ndiye anayeuliza nani kafa.

Ndani ya kaburi hamkuwa na mtu. Mlikuwa na shina la mgomba lililovishwa shati la shule, kwa sababu maiti yenyewe ilidhaniwa iko Marekani na hakuna aliyejua itarudishwaje. Ukoo ule wa Katumba Songwe haukai na msiba usio na kaburi. Ng'ombe wawili walishachinjwa, ngoma ilishapigwa siku nne, mchungaji alishaomba. Vijana walikuwa wameanza kurudishia udongo.

Tusajigwe hakupiga kelele. Aliketi palepale juu ya udongo uliofukuliwa.

“Unanisikia, mama?”

“Nakusikia,” akasema. “Wewe ndiye uliyekufa.”

Gwamaka, mdogo wa mumewe, akamnyang'anya simu. Huyu ndiye aliyesimamia msiba wote, amevaa koti jeusi tangu asubuhi na jua linamchoma. Akamtaka mpigaji ataje jina la bibi yake. Likatajwa. Akataka jina la mto wanakonyweshea ng'ombe. Likatajwa. Akaziba simu kwa kiganja, akawageukia watu, akasema hao ni matapeli, kule Mbugani mwaka jana wamemliza mjane kwa mtindo huohuo.

Mwalimu Mercy akasema basi tumwone uso. Akabonyeza. Mtandao ukasuasua, picha ikaja vipande vipande, mara jicho, mara sikio, kisha ikatulia. Ambilikile mzima, ndevu zimeota, nyuma yake hema jeupe. Mama mmoja wa kwaya akatupa kitabu cha nyimbo na kukimbilia kwenye mikakao.

“Shemeji, usidanganyike,” Gwamaka akasema. “Siku hizi hata waliooza wanaimbishwa kwenye simu.”

“Shikamoo, baba mdogo,” simu ikajibu. “Ulinichapa kwa gumbuti, lile buti lako la mvua, nilipoangusha pikipiki yako mtaroni. Halafu ukakaa nyuma ya ghala ukailia hiyo pikipiki, ukaniambia nisimwambie mtu.”

Watu wakacheka, cheko la kwanza katika siku nne.

“Marahaba,” Gwamaka akasema, akamrudishia Tusajigwe simu.

Lakini picha je? Maana msiba ule wote ulizaliwa na picha. Mpwa wao mmoja wa Mbeya ndiye aliyeikuta mtandaoni, akairusha kwa ndugu: Ambilikile amelala chali kwenye nyasi, mdomo wazi, damu kifuani, bunduki ubavuni, na Wazungu wenye kofia za pembe tatu wamemsimamia. Wakampigia, simu imezimwa. Kesho yake imezimwa. Baba yake akasema basi, mtoto ameuawa vitani, na mama akajifunga kitenge kiunoni, akagaagaa chini.

Ambilikile akaeleza kwa aibu. Hakupata kuwaambia kazi yake hasa. Walidhani yuko kiwandani. Kumbe yuko mahali ambapo kila kiangazi watu huigiza vita ya zamani ya Marekani, na watalii hulipa kiingilio kutazama. Wakiingia kambini hunyang'anywa simu, kwa sababu mwaka 1776 hapakuwa na simu. Ile damu ni rangi. Leo asubuhi karudishiwa simu yake, akakuta nusu ya Kyela inamtakia pumziko la milele.

“Vita gani hiyo?” akauliza bibi mmoja.

Mwalimu Mercy hufundisha historia, na hapo ndipo alipopata darasa asiloliomba. Akasema Marekani nayo ilikuwa koloni. Watu wake wakamwasi mfalme wao wa Uingereza, wakashika silaha, mwaka 1775.

“Mtoto wetu yuko upande gani?”

“Upande wa mfalme.”

Watu wakaguna. Mwalimu akainua mkono. Akasema msihukumu haraka, maana hao walioasi walikuwa wakilia uhuru mchana kutwa na huku nyumbani wana watumwa wamejaa mashambani. Gavana mmoja wa mfalme, alipoona amefukuzwa mpaka anaishi melini, akatangaza kwamba mtumwa yeyote wa waasi atakayetoroka na kushika bunduki upande wake, huyo yuko huru. Weusi wakatoroka kwa mamia. Waliiba mitumbwi, wakapiga kasia pamoja na wake zao, watoto mgongoni. Wakapewa sare, na inasemekana kifuani ziliandikwa: Uhuru kwa Watumwa.

“Wakaupata?” bibi akauliza.

Mwalimu Mercy akatazama chini.

“Wengi wao, bibi, walipata ndui.”

Tusajigwe hakusikia hayo ya mwisho. Alikuwa amekwisha kumbuka nyumbani. Alikuwa amekwisha kumbuka mumewe.

Mzee Anyosisye hakuja kaburini kwa sababu hawezi kunyanyuka. Ugonjwa wa sukari ulimla macho yote mawili miaka mitatu iliyopita, na kinachomweka hai ni sindano, asubuhi na jioni. Tangu picha ile ifike ameikataa hiyo sindano. Siku nne. Nesi Naomi wa zahanati alimbembeleza, mchungaji akambembeleza, na jibu lake lilikuwa moja: niishi nimsubiri nani?

Asubuhi ile Naomi alimvuta Tusajigwe pembeni akamwambia ukweli. Akiikataa mpaka jua lizame, hataamka.

Na sasa ilikuwa saa kumi alasiri.

Tusajigwe akakimbia. Mama wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa ufukweni kule wafinyanzi walipo, magoti yameharibika kwa kuchuchumaa kwenye udongo tangu utotoni, alikimbia katikati ya majaruba yaliyovunwa, simu mkononi, na msiba mzima ukamfuata nyuma.

Chumbani mlikuwa na harufu tamu, ile wanayoijua waliowahi kuuguza mgonjwa wa sukari. Anyosisye alilala akipumua kwa kina na kwa haraka, kama aliyepanda mlima.

“Baba Lugano,” akamwita, “mtoto yuko hai. Nimeongea naye. Nimemwona.”

Mzee akageuzia uso ukutani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amechoka kudanganywa. Kila anayetaka kumchoma sindano anakuja na uongo wake. Jana walimwambia daktari anakuja kutoka Mbeya. Leo wamemfufua maiti.

Tusajigwe akaelekeza simu.

“Tata,” simu ikasema, kwa jina analomwitia baba yake tangu utotoni. “Tata, ni mimi.”

Mwili wa mzee ukashtuka wote. Akanyoosha mkono hewani, kisha akaurudisha upesi, kama aliyegusa chungu cha moto. Gwamaka akaapa mbele yake kwamba ni mtoto mwenyewe, akamweleza hata habari ya gumbuti. Mzee akasema gumbuti lilijulikana kijiji kizima. Na picha hana macho ya kuitazama.

Halafu akatoa sharti.

“Kama ni Ambilikile, kuna jambo analijua. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Tuliapa. Akilisema, nichomeni hata sindano kumi. Asipolisema, niacheni nife na msiba wangu. Tokeni nje wote.”

“Hata mimi?” Tusajigwe akauliza.

“Wewe kwanza, Mama Lugano.”

Wakatoka. Naomi akasimama nyuma ya mlango na sindano imekwisha kuvutwa dawa. Tusajigwe akaiweka simu juu ya kifua cha mumewe, akatembea mpaka mlangoni, akaufungua, akaufunga.

Lakini hakutoka.

Msimdhanie vibaya. Hakuwa na shaka na mtu. Siku nne alikuwa amemlilia mwana ambaye sasa anapumua mle ndani ya simu, na aliona hawezi kuweka mbao katikati yake na ile sauti, hata kwa dakika tano. Akaegemea ukuta. Miguu yake ilikuwa pekupeku na mumewe haoni.

“Uko peke yako, tata?”

“Peke yangu. Sema.”

Nje wanakwaya walikuwa wanabishana kama waendelee na nyimbo za msiba au waanze za shukrani.

“Tata, tuliapa.”

“Tuliapa asijue mama yako. Mimi najua. Niambie mimi.”

Ambilikile akaanza. Aliongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe kwa miguu.

Ilikuwa Aprili, alisema, miaka kumi na sita iliyopita, mvua kubwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne. Walitoka ng'ambo ya mto Songwe, nchi jirani, alfajiri, ukungu juu ya maji, mtumbwi umejaa magunia ya sukari ya mfanyabiashara mmoja, mali ambayo haikupita forodhani. Walikuwa watatu.

Tusajigwe, ukutani, akajua ni watatu gani, akashangaa. Mbona yeye alielezwa vingine? Aliambiwa kwamba Aprili ile, mwanawe wa kwanza, Lugano, aliondoka na rafiki zake kwenda Sauzi kutafuta maisha. Miaka kumi na sita amekuwa akiwauliza madereva wa malori pale mpakani Kasumulu. Na Lugano hakumsahau, maana mara tatu alimtumia kitenge kupitia baba yake. Hata hiki alichojifunga kiunoni leo, cha msiba, ni cha Lugano.

“Mtumbwi ukakwama mchangani, katikati ya mto,” Ambilikile akasema. “Lugano akashuka kuusukuma. Ukachomoka. Maji yakatuvuta.”

“Endelea.”

“Ulitaka kugeuza. Ukashindwa, mzigo ulikuwa mzito. Nikasema tumwage sukari. Wewe ukasema tupeleke mzigo kwanza, tutamrudia. Yeye mwenyewe akapaza sauti akasema nendeni, nitawasubiri. Alikuwa anacheka, tata. Alikaa kwenye mchanga kama mtu anayesubiri basi.”

Pumzi ya mzee ilikuwa inakwaruza.

“Tuliporudi?”

“Tuliporudi hapakuwa na mchanga.”

Tusajigwe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Siku nne zote hizi alikuwa amemlilia aliye hai. Na yule mwingine, ambaye jina lake watu wanamwitia yeye kila asubuhi, Mama Lugano ugonile, Mama Lugano umeamkaje, hakuwahi kumtolea chozi hata moja. Alimwekea akiba ya lawama. Alikuwa akisema akirudi nitamsema mpaka akome.

“Hukumwua, tata,” Ambilikile akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inakatikakatika. “Nimejiambia hivyo kila siku. Lakini unataka kujua ile picha? Unajua pale nimelala kama nani?”

Akamweleza. Wale watumwa waliokimbilia kwa gavana waliishia kwenye kisiwa kidogo. Ndui ikawafyeka, wakazikana mchangani bila hesabu. Julai ya 1776, mwezi uleule ambao waungwana wa upande wa pili walikuwa wanatangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, adui akaanza kupiga mizinga, na meli za mfalme zikang'oa nanga. Waliokuwa na nguvu wakapanda. Wagonjwa wakaachwa ufukweni wakiwa hai, wakiziona meli zinaondoka.

“Walipogawa sehemu za kuigiza, kila mtu alitaka kuwa askari. Mimi nikaomba niwe yule anayeachwa. Kila siku saa tisa, tata. Meli inaondoka, nanyoosha mkono, waasi wananipiga risasi, nakufa. Watalii wanapiga makofi. Kisha nanyanyuka naenda kula.”

Simu ikawa inalia tu. Mtu mzima wa miaka thelathini, analia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Anyosisye akaikumbatia ile simu kwa mikono yake yote miwili.

“Ni wewe,” akasema. “Ndaga, Kyala, asante Mungu. Ni mwanangu.”

Machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona. Akavuta pumzi, akaita.

“Naomi. Njoo na sindano yako.”

Sauti haikufika hata nusu ya chumba. Nje kwaya ilikuwa imeafikiana, imeanza wimbo, tena wa kupiga makofi. Naomi hakusikia. Gwamaka hakusikia. Katika nyumba nzima aliyesikia ni mmoja, naye alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya komeo la mlango.

“Naomi,” mzee akaita tena, chini zaidi.

Tusajigwe hakusogea.

Msomaji, sijui wewe ungefanya nini. Yeye alitazama ule mwili uliolala kitandani, mwili aliouosha, aliouvisha, alioutafunia chakula meno yalipouma. Akayatazama mapaja yale ambayo kila jioni alishika kitambaa cha spiriti akingoja nesi achome. Alijua kitu kimoja tu kwa uhakika: akikaa kimya kidogo, muda wa wimbo mmoja, hatahitaji kusema neno lolote kwa mtu huyu tena.

“Tata?” simu ikaita. “Tata, mbona hujibu? Wamekuja?”

Nje wakamaliza ubeti wa kwanza. Wakaingia wa pili.

Tusajigwe akafungua mlango.

“Mchome,” akamwambia Naomi.

Nesi akaingia mbio, akamkuta mzee ametulia, mkono ameutoa mwenyewe. Akachoma. Akasema tumewahi, lakini dripu ni lazima, akatoka kwenda kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali. Gwamaka akachungulia, akasikia kwamba kaka yake amekubali, akarudi nje kuwatangazia watu. Vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya mashamba.

Anyosisye alikuwa anatabasamu. Tangu sukari imle macho hakuwa ametabasamu hivyo.

“Mke wangu yuko wapi?” akauliza. “Mwiteni. Mwambieni mwanawe yuko hai, nimethibitisha mwenyewe.”

“Niko hapa,” Tusajigwe akasema. “Sikutoka.”

Tabasamu lilibaki pale usoni kidogo, halina mwenyewe. Kisha likaondoka.

“Mama?” simu ikasema juu ya kifua chake, kwa hofu. “Mama, ulikuwapo?”

Akaichukua. Akaipangusa kwa pembe ya kitenge, ilikuwa imelowa machozi ya mumewe.

“Usikate, mwanangu,” akamwambia Ambilikile. “Wewe ulikuwa mtoto. Kaa hapo usikilize.”

Akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa cha mumewe. Hakuwa analia. Waliomwona siku ile kupitia dirishani wanasema alikaa vilevile anavyokaa mbele ya chungu kibichi, mgongo umenyooka, mikono tayari.

“Umenilaza na uongo kitanda kimoja miaka kumi na sita,” akasema. “Nimekuchomesha sindano kwa sababu ukifa leo nitabaki sijui kitu. Sasa nijibu moja tu. Mliporudi, mchanga haukuwapo. Nimesikia. Ng'ambo je, mlikwenda kuuliza?”

“Mimi sikwenda, mama,” Ambilikile akasema. “Tata alikataa. Alisema mtu akituuliza, tutafungwa.”

“Sijakuuliza wewe.”

Nje bajaji ilikuwa imefika, Naomi anapiga kelele watu wapishe njia.

“Baba Lugano.”

“Nilikwenda,” Anyosisye akasema.

“Tata, hukuwahi kuniambia,” simu ikasema.

“Nilikwenda peke yangu. Mvua zilipoisha. Nilivuka nikiwa nimekwisha kuandaa maneno ya kuulizia maiti.”

“Ukauliza nani?”

“Sikuuliza mtu.” Mkono wake ukatapatapa juu ya shuka ukiutafuta wa mkewe, na Tusajigwe hakuusogeza wake. “Nilibisha hodi nyumba ya kwanza kutoka ukingoni. Aliyenifungulia mlango alikuwa Lugano.”